Muulize Mwenyewe

Kansanga, Jumapili, 11 Februari 2024

Dada yangu Nakhisa,

Akoth amepita dukani leo baada ya ibada, kasema kesho anavuka Busia kufuata mzigo wake wa mitumba, basi nimekaa niandike kabla hajabadili mawazo. Ujumbe wa simu ningeweza kukutumia, lakini unanijua, simu inanikata maneno. Sisi tulijuana kwa karatasi. Bado ninazo zile za kaki za kukatia mitindo, tulizokuwa tukiandikiana pale barazani, wewe juu ya cherehani, mimi na vitenge vyangu, wateja wakishangaa huyu kiziwi na huyu Mkongomani wanaandikiana nini mchana kutwa. Wangejua ni masengenyo! Toka urudi kwenu kumtunza mama yako, nafasi yako imechukuliwa na fundi simu. Hana hata salamu, Mungu amsaidie.

Exaucée amekuja kukaa kwangu. Kwetu Bukavu mimba ya kwanza inamaliziwa kwa mama mzazi, na mume wake Odur hakupinga. Yeye yuko Mbuya anachomelea milango ya watu, Jumamosi anakuja. Ukiwaona viziwi hao wawili wakiongea kwa mikono, chakula kinapoa mezani na mimi nimekaa kama mgeni. Nashika neno hapa na pale. Mimi na mtoto wangu tuna ishara zetu za nyumbani tu: kula, lala, vaa, twende, kanisa, nzuri, mbaya, omba. Lugha ya ishara yenyewe aliisomea shule ya viziwi tulipofika Uganda, na kuandika wakamfundisha Kiingereza. Mimi ni Kiswahili, na Kifaransa cha darasa la sita. Kwa hiyo hata kwenye karatasi hatukutani, mimi na mtoto niliyemzaa.

Sasa sikiliza la moyoni. Ijumaa nilimpeleka kliniki. Musawo, yule nesi mnene mpole, alimpapasa tumbo kisha akanigeukia mimi: "Nnyabo, ambia yeye, mutoto nakaa vibaya. Kichwa iko juu, matako chini. Kama hapana geuka, tunapasua."

Exaucée ananivuta kitambaa, nyusi juu: amesema nini? Nikamwonyesha: nzuri. Omba. Akatabasamu, akashuka kitandani, tukarudi nyumbani.

Nimefanya vizuri, sivyo? Kwetu mwenye mimba hapewi habari ya kumtetemesha. Dada yangu Perpétue aliambiwa jioni kwamba atapasuliwa asubuhi. Alilia mpaka kukacha, akaingizwa na macho yamevimba, na hakutoka mzima. Mimi sitaki machozi ndani ya nyumba hii. Wamama wa kanisa tumeanza kufunga. Mungu aliyegawanya bahari hashindwi kugeuza mtoto mmoja.

Niandikie. Na wewe utuombee, hata kama unasema maombi yako ni mafupi.

Wako katika Bwana,
Marie-Jeanne

*

Busia, Alhamisi, 15 Februari 2024

Mama Exaucée,

Umeniuliza kama umefanya vizuri. Hapana.

Niliandika neno hilo nikaenda kumgeuza mama kitandani, nikamlisha uji, nikarudi, bado ni hilo hilo. Nisamehe, ila ungetaka kusifiwa ungemwandikia mchungaji.

Wewe ni mama mwema kuliko wote ninaowajua, na ni mkalimani mbaya kuliko wote Afrika Mashariki. Siku nilipokuomba sukari kwa mikono uliinama ukaanza kuniombea! Sasa kwa ishara hizo hizo za jikoni unatafsiri maneno ya daktari? Na tena hukukosea kwa kutojua. Ulijua, ukachagua. Kama musawo angeniambia mimi habari ya tumbo lako, halafu mimi nikuonyeshe "nzuri", ungenisalimia tena?

Najua hofu yako. Perpétue uliniandikia habari zake siku ile mvua ilipotufungia dukani, na karatasi ililowa. Lakini Perpétue hakufa kwa sababu aliambiwa.

Kampala kuna wakalimani wa lugha ya ishara. Kibuli yuko Halimah, wazazi wake wote wawili ni viziwi, kwa hiyo lugha hiyo ameinyonya. Ndiye aliyekwenda nami polisi cherehani yangu ilipoibwa. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie, wewe una masikio, uyatumie.

Jambo moja zaidi. Namba ya Exaucée ninayo, na Kiingereza ninakijua. Naweza kumwandikia sasa hivi. Sitaki, maana habari hiyo ikitoka kwangu atajiuliza mama yake alikuwa wapi. Lakini Akoth akirudi tena na sijaona neno la maana kutoka kwako, nitaandika.

Nakupenda, ndiyo maana mwandiko umekuwa mkubwa.

Nakhisa

*

Kansanga, Jumanne, 20 Februari 2024

Nakhisa,

Usimwandikie. Ni mtoto wangu. Nilimbeba mgongoni kutoka Bukavu watu wakisema huyu asiyesikia atatupigia kelele njiani, mwache pembeni, na nikawajibu maneno ambayo mkristo hayarudii. Usinifundishe kumpenda.

Nimeandika hivyo jana. Leo naendelea taratibu.

Asubuhi Exaucée alikuwa anafagia. Akasimama ghafla, akaja akanishika mkono, akauweka hapa chini ya mbavu. Kitu kigumu, cha mviringo, kama embe bichi. Nimezaa watano, najua kichwa nikikishika. Akaniangalia usoni, nyusi juu. Anauliza. Nikamwonyesha: nzuri. Akaushika mkono wangu pale pale, akaukandamiza zaidi, nyusi bado ziko juu. Nikaonyesha: omba.

Hakutabasamu safari hii. Alichukua ufagio wake akaendelea.

Basi nitakwenda kwa huyo Halimah wako. Nimempigia, ana sauti nzuri ya adabu. Mama Olivia wa kwaya ametikisa kichwa: "Mwislamu ndiye aitafsiri mimba tuliyoifungia?" Nikamwambia, "Na daktari je, umemuuliza dini?" Akaninunia.

Nimeshapanga. Nitamweleza Halimah mapema, yapi aseme na yapi ayapite pembeni kwanza, mpaka Mungu ajibu. Mkalimani ni mtu wa kuisaidia familia, ataelewa.

Umeridhika? Usiandike.

Marie-Jeanne

*

Busia, Alhamisi, 22 Februari 2024

Mama Exaucée,

Siandiki. Nimeweka simu kabatini.

Hilo la kumpangia Halimah la kusema limenichekesha mpaka mama ameniuliza kwa macho kama nimeanza kunywa. Nenda tu, rafiki yangu. Nenda naye.

Nakhisa

*

Kansanga, Ijumaa, 1 Machi 2024

Ulijua! Ulijua, ukanyamaza, ukacheka huko Busia kwako.

Ngoja nikueleze jinsi nilivyovuliwa nguo hadharani na mwanamke mwenye adabu.

Nilimfuata kwao Kibuli, chini ya msikiti. Baba yake alinifungulia, akawa anazima na kuwasha taa ya sebuleni kumwita mkewe aliyekuwa uani. Nilipenda sana hilo. Nikapewa chai. Halimah amevaa nyeusi tupu, nikadhani ana msiba, kumbe ni ya kazi, ili mikono ionekane vizuri. Nikamweleza kila kitu, mtoto ana hofu, dada yangu alikufa, yale mazito uyazunguke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, kinachosemwa chumbani, mimi nakisema. Chote. Ndiyo kazi." Nikasema sawa, sawa. Nilidhani ni maneno ya kazi tu, kama wewe ulivyokuwa ukiwaambia wateja nguo itakuwa tayari Ijumaa.

Kliniki akasimama karibu na musawo, uso kwa Exaucée. Musawo akapapasa tumbo. "Bado. Kichwa iko juu, kama naambia mama yake siku ile." Mikono ya Halimah ikasema. Nikamwona mtoto wangu anakaa wima.

Nikamwinamia musawo, nikanong'ona, "Hiyo ya kupasua uiache kwanza." Na mikono ikasema hiyo pia!

Nikamgeukia Halimah: "Wee, hilo ni langu na musawo!" Mikono ikasema: wee, hilo ni langu na musawo.

Nikajiziba mdomo na kiganja. Musawo alishindwa, akacheka mpaka akashika meza. Exaucée hakucheka.

Akaanza kuuliza. Dada, mtoto huyu miezi yote hii amepelekwa kliniki kama mzigo wa vitenge, kumbe alikuwa na maswali kama mwanasheria. Je, mtoto anaumia akikaa hivyo? Nitalazwa usingizi au nitakuwa macho? Kama uchungu ukianza kabla ya siku, nifanye nini? Musawo akaacha kucheka, akavuta kiti, akamjibu moja moja, na alikuwa anamwangalia yeye, si mimi. Akamwambia asingoje uchungu, mtoto wa kwanza akikaa hivyo ni hatari, wampangie siku apasuliwe.

Halafu Exaucée akanigeukia mimi. Mikono yake ikaenda polepole, na Halimah akaitoa kwa sauti. Fikiria, Nakhisa. Ana miaka ishirini na mbili, na sijawahi kumsikia mtoto wangu akisema sentensi nzima. Ya kwanza kuisikia maishani mwangu ilikuwa hii: "Mama alijua tangu lini?"

Musawo alijibu.

Jioni Odur alikuja na boda, wakafunga nguo zake kwenye mfuko, wakaenda Mbuya. Mlangoni hakunionyesha mbaya wala nzuri. Hakunionyesha kitu.

Nimewaambia wamama tuache kufunga kwanza, maana sijui naomba nini. Nina hasira na Halimah, nina hasira na wewe, na usiku sipati usingizi. Uniambie sasa, wewe mjuaji.

Marie-Jeanne

*

Busia, Jumanne, 5 Machi 2024

Marie wangu,

Ndiyo, nilijua. Ningekuambia usingekwenda. Nikasirikie mimi, Halimah umwache, alikueleza kabla ya chai kwisha.

Nilikuambia nilipoteza masikio nikiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo. Hili lingine sikukuandikia, hata kwenye zile kaki. Nilipokuwa na kumi na tatu, nilirudi kutoka mtoni na mtungi wangu nikakuta viti vya kanisa vimepangwa uani kwetu. Mama alinionyesha: kula. Shangazi akanionyesha: lala. Nikala, nikalala. Asubuhi nikaona wanaume wanachimba karibu na migomba. Nikazunguka nyumba nzima namtafuta baba, nimuulize wanachimba nini.

Mama hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ananihurumia. Sasa namwogesha kila asubuhi na ninampenda, na bado kuna kitu kati yetu ambacho hakuna sabuni ya kukiondoa. Sitaki kitu hicho kikae kati yako na Exaucée. Ninyi bado mko mapema.

Kwa hiyo acha kulia, kuna kazi.

Awiti, mwenzetu katika kikundi chetu cha wanawake viziwi hapa Busia, alipasuliwa mwaka juzi. Umewahi kuona wanavyomlaza mtu? Mikono yote miwili inanyooshwa pembeni na kufungwa kwa mikanda, na dripu inachomwa mkononi. Kwa mwenye kusikia si kitu, mdomo wake uko wazi. Kwa sisi ni kuzibwa mdomo. Na pale ndani kila mtu amevaa barakoa, hata midomo ya kusoma hakuna. Sindano ya ganzi ilikuwa haijakolea, Awiti anasikia kisu, na hana mkono wa kusema. Alisema kwa vidole vya miguu, hakuna aliyevielewa.

Baada ya hapo tulikwenda wote kwa mkuu wa hospitali yetu, na mkalimani, tukamweleza. Aliduwaa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Siku hizi kwa mama kiziwi dripu inachomwa juu, mkono wa kushoto, na wa kulia haufungwi. Na mkalimani anaingia, anasimama upande wa kichwa, nguo za hospitali kama wao.

Kampala sijui kama wanafanya. Mtu aende aseme kabla ya siku yenyewe. Wewe una mdomo, una Kiganda cha sokoni, na una ule ukaidi uliokuvusha mpaka. Lakini, tafadhali! Usikimbilie hospitali kesho asubuhi kupanga mambo. Muulize Exaucée kwanza kama anataka. Muulize, halafu ungoje jibu.

Nakhisa wako

*

Kansanga, Jumapili, 10 Machi 2024

Dada Nakhisa,

Barua yako niliisomea dukani nikafunga mlango mchana, fundi simu akadhani nimeibiwa. Habari ya baba yako sitaisema kwa mtu.

Nilirudi Kibuli. Nikamwambia Halimah, "Nifundishe kuuliza." Hakuelewa. Nikamwambia, katika ishara zetu zote za nyumbani, tangu mtoto akiwa mdogo, iko ya kula, iko ya lala, zote za kumtuma. Ya kumuuliza mtu anataka nini haimo. Sikuwahi kuitunga. Halimah akanifundisha. Mama yake akawa ananisahihisha vidole, ananipiga kofi la mkono kama mwalimu wa watoto wadogo. Nilikwenda nikirudia njia nzima, watu wa boda wanadhani nimepagawa.

Jana nikapanda Mbuya. Odur alikuwa nje na miwani yake ya kuchomelea, akaizima mashine, akaingia kumwita. Exaucée akatoka, tumbo limetangulia. Akasimama mlangoni. Hakunikaribisha.

Nikasahau! Nikuambie kweli, mikono yote ikapotea. Nikaanza upya, nikakosea, nikaanza tena: wewe, taka, nini?

Alinitazama mikono muda mrefu. Halafu akacheka, Nakhisa, akacheka mpaka akashika mlango. Akaja akanishika vidole akavinyoosha, maana hata baada ya kofi zote zile nilikuwa bado nasema kitu kingine kabisa, Odur alisema baadaye, kupitia Halimah, ni kama nimemuuliza anauza nini. Nikarudia. Akakubali kwa kichwa.

Basi akaanza kujibu, na hapo nikaona nimefungua bomba. Mikono inakwenda, inakwenda, mimi sielewi hata moja. Nikasimama tu nikiangalia. Nikangoja, kama ulivyosema. Odur akanionea huruma, akampigia Halimah simu ya video, akaiegemeza kwenye dirisha.

Mtoto wangu anataka hivi. Anataka kupasuliwa, ameshaamua yeye na mume wake, siku imepangwa, ni tarehe ishirini. Anataka mkono wa kulia uwe huru. Habari hiyo hakuwa anaijua, na nilipomweleza alishtuka, akamtazama Odur, akasema mkaseme, wewe Mama na Halimah, tena nami niwepo. Anataka Halimah aingie naye ndani. Nikauliza, na mimi? Maana nilikuwa nimeshaona moyoni nimemwekea mkono kichwani naomba. Halimah akatoa sauti yake: "Mama akae nje, karibu na mlango. Aombe kwa kelele atakavyo, mimi hanisumbui. Ila asiombe macho yamefungwa. Nikitoka nataka anione."

Nikasema sawa.

Iliniuma. Sikudanganyi. Lakini nilisema sawa, na Halimah akaisema, na mtoto akaiona.

Alinipa chai. Hatujamaliza, najua, bado kuna wakati ananiangalia kama anapima kitambaa. Lakini alinipa chai, na mandazi mawili.

Jumatatu ya tarehe kumi na nane tunakwenda hospitali kumwona sista mkuu. Halimah anasema Ramadhani inaanza, atakuwa amefunga, lakini atakuja.

Marie-Jeanne

*

Busia, Alhamisi, 14 Machi 2024

Mama Exaucée,

Unauza nini! Nimemsomea Awiti kwa mikono, amelia kwa kicheko, anasema uje Busia, awe mteja wako wa kwanza.

Mkiwa mbele ya sista mkuu, usiongee wewe mwanzo. Exaucée aanze. Watu wa hospitali wakimwona mwenye tumbo anauliza mwenyewe, wanakaa sawa. Wewe ingia wakileta ubishi tu, kwa hilo nakuamini kabisa.

Na siku yenyewe vaa nguo ya rangi kali. Mtu akitoka kwenye ganzi anatafuta rangi.

Mama ana kifua, sitaandika marefu. Nawaombea. Kifupi, lakini kila saa.

Nakhisa

*

Kansanga, Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Dada yangu Nakhisa,

Ni msichana. Wote wazima. Sasa pumua, usome polepole.

Sista mkuu alikuwa mgumu kwanza. "Ndani naingia mtu moja. Wakalimani hapana iko kwa utaratibu." Exaucée akamuuliza kupitia Halimah: "Ukitaka kuniuliza kama nasikia maumivu, utaniulizaje?" Sista akamwita daktari wa usingizi, kijana mmoja wa huko Gulu, akaeleweshwa habari ya mikono na mikanda. Akaushika mkono wa kushoto wa Exaucée, akautafuta mshipa juu huko, akasema, "Hapa panatosha. Mbona hakuna mtu alisema?" Nilitaka kumjibu. Nikajizuia.

Jumatano walimwingiza asubuhi. Nilivaa kile kitenge cha manjano chenye ndege, kinachokuumiza macho. Odur na mimi tukakaa kwenye benchi. Yeye hawezi kusikia kitu nyuma ya mlango, mimi naweza, kwa hiyo alikuwa ananiangalia uso mimi kama watu wanavyoangalia televisheni ya mpira. Niliomba macho wazi. Ni kazi ngumu, jaribu siku moja, unaona kila anayepita na viatu vyake. Nilimwona Perpétue mara nyingi kwenye mlango ule. Nikamwambia Mungu, sikuombi umgeuze mtu leo, mshike tu kama alivyo.

Mtoto akalia. Nikaruka, Odur akaruka kwa kuniona naruka, tukakumbatiana tukamwaga chai ya mtu. Halafu nikafikiri, mama yake hajasikia. Amelazwa pale, ameshasubiri miezi yote, na mimi huku nje nimejua kabla yake. Nikasikia haya, kama mtu aliyechungulia barua isiyo yake.

Halimah alitoka wa mwisho, jasho limelowesha kofia ya hospitali, midomo mikavu kwa saumu. Nikamdaka mkono: "Ilikuwaje ndani? Alisema nini? Aliogopa?" Akanishika bega. "Mama, hongera. Ya ndani ni ya Exaucée." Basi! Mwanamke huyu, Nakhisa. Ningemkasirikia, lakini nilikuwa nimeshamzoea. Jioni nilimtafutia tende na uji, akafuturu kwenye benchi lile lile, na Mama Olivia ndiye aliyebeba chupa ya uji. Usiniulize alivyobadilika, hata mwenyewe hajui.

Exaucée alipotolewa alikuwa anatafuta kwa macho. Aliniona. Aliinua mkono wa kulia, akafungua kiganja mdomoni mwake, mdomo wazi mpaka meno ya nyuma, akamwigiza mtoto: hivi, alikuwa hivi! Alikiona kilio. Kumbe kinaonekana.

Jina la mdomo bado, familia ya Odur inakuja kutoka Lira. La mikono ameshapewa na baba yake, na siwezi kukuandikia, uje ulione.

Sasa jana. Nilikuwa wodini, Halimah yupo. Daktari akaja na wenzake kupitia wagonjwa, akamwangalia mtoto, akamgusa kichwa, akamwangalia masikio, akamgeuza. Uso wake haukucheka wala haukununa. Akakiacha kile kitanda, akanigeukia mimi niliyesimama, mtu mzima mwenye kitenge, akaanza: "Nnyabo, huyu mtoto..."

Nikamwonyesha Exaucée kwa mkono. Nikasema, "Mama wa mtoto ni yule. Muulize mwenyewe, mwambie mwenyewe."

Akageuka. Akavuta kiti. Halimah akasogea mahali pake, na Exaucée akajiinua kwenye mito, akamweka mtoto vizuri, nyusi juu. Mimi nikachukua beseni la nepi nikatoka nje kwenye bomba.

Nikafua. Nepi hazikuwa chafu sana, nilizifua mara ya pili. Kupitia dirishani niliona mikono ya Halimah, na mikono ya mtoto wangu ikijibu kwa marefu, bila haraka. Daktari akitikisa kichwa kukubali. Walikaa muda.

Alisema nini? Sijui, dada. Jana yote sikuuliza, na leo asubuhi nilipompelekea supu sikuuliza. Alikunywa, akanirudishia bakuli, akanishika kidole kama anataka kusema kitu, kisha mtoto akaamka, akaacha. Nikaenda kuanika.

Marie-Jeanne